Meno ya Mrithi

Msinione nimetulia hapa pembeni mwa kitanda cha mwanangu mkadhani nina subira. Subira sina. Marehemu mama alikuwa akisema nilitoka tumboni nimeshanuna, na tangu hapo sijaona sababu ya kubadilisha uso. Ninachofanya hapa ni kuhesabu siku. Mfugaji wa sungura huishi kwa siku: thelathini na moja tangu jike apandishwe hadi azae, kumi hadi watoto wafumbue macho, wiki nane hadi wahukumiwe. Mimi nina hesabu moja ya ziada ambayo haimo katika kitabu chochote cha ufugaji, nayo ni siku ishirini na moja. Hesabu hiyo imenila miaka minne. Na leo, tangu nitoke nyumbani kwa baba, ni siku ya ishirini.

Nianze na baba, maana bila yeye hakuna kisa. Watu wanamwita Profesa, ingawa shule aliiacha kabla haijamzoea. Sungura wake ni weupe, wazito, na wana kichwa ambacho wafugaji wote wa chama chao wanakionea wivu: kifupi, cha mviringo, mashavu yamejaa, ukikitazama kwa mbele ni kama bakuli lililofunikwa. Kichwa hicho ndicho kilichompa baba jina. Anayetaka kuanzisha ukoo mzuri wa sungura anaambiwa aende kwa Profesa akachukue mbegu.

Sasa sikilizeni kitu kimoja kuhusu kichwa kizuri. Sungura meno yake hayaachi kuota mpaka afe. Kinachoyazuia ni kwamba ya juu na ya chini yanakutana na kusagana, yanapunguzana yenyewe kwa yenyewe. Lakini ukikifupisha kichwa kizazi baada ya kizazi, taya la juu linarudi nyuma na la chini linabaki palepale. Basi meno yanapishana. Hayasagani tena. Ya chini yanachomoza nje ya mdomo, ya juu yanajikunja kuelekea kaakaa, na mnyama anakufa njaa huku amekalia chakula. Kilema hicho hakitokani na uchafu wala na shetani. Kinatoka kwa baba na mama, na mara nyingi baba na mama wenyewe ukiwatazama meno yao ni mazuri tu, wamekibeba ndani bila kukionyesha, mpaka siku wakutane wawili waliokibeba.

Baba analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana kwetu kuna siku ya kidole. Watoto wakifikisha wiki nane, anaweka meza nyuma ya nyumba, anatandika gunia juu yake, na chini anapanga makapu matatu. Mmoja mmoja wanaletwa. Baba anamlaza sungura chali kwenye mkono wa kushoto, na kwa kidole gumba cha kulia anainua mdomo na kukipitisha kwenye meno. Hatazami. Anatazama juu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha anasema kapu gani: la kubaki, la kuuzwa, au la jikoni. Mwenye meno yaliyopishana ni wa jikoni, hana rufaa. "Mbegu mbovu haiuzwi," baba husema, na katibu wa chama, ambaye hakosi siku ya kidole hata kwa dawa, huitikia kwa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Mimi nilirudi nyumbani miaka sita iliyopita kumzika mama. Nilikuwa mjane tayari, mwanangu mmoja amekwishaolewa mbali. Nilisema nitakaa wiki mbili, nimsaidie baba mpaka azoee. Wiki mbili zikawa miaka miwili, nyinyi wenyewe mnajua jinsi nyumba ya wazazi inavyomeza mtu. Nafagia banda, nabadilisha maji, naandika kadi, naosha vizimba kwa brashi mpaka vidole vinapasuka. Kaka yangu alikuwa akipiga simu mara moja kwa mwezi kunishukuru, na shukrani zake zilikuwa nzito kiasi kwamba hazikumruhusu kuja.

Kisha nikapata kazi. Kiwanda kidogo cha kushona sare za shule, katika mji huuhuu wa mwanangu, walitaka mshonaji mzoefu. Nikamwambia baba kwamba mwisho wa mwezi ninaondoka. Alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Sawa," akamalizia chai yake, akaenda bandani.

Hapo katikati palikuwa na mtoto mmoja wa sungura. Mama yake alikufa akizaa, na mimi nikamlea kwa maziwa ya kudondosha, matone kwa matone, mpaka akawa ananifuata miguuni kama deni. Alikuwa na kichwa ambacho hata baba hajawahi kukitoa. Alipofika wiki ya sita nikamwona anaokota chakula na kukiangusha. Nikamfunua mdomo. Meno yalikuwa yamepishana, ya chini yamekwishatangulia mbele. Nilijua kapu lake ni lipi. Na nikafanya ujinga ambao mtu wa nje asingeweza kuufanya, kwa sababu asingejua hata pa kuanzia: nikafungua kopo la mama la kushonea, ambamo kati ya nyuzi na vifungo kulikuwa na koleo dogo la kukatia waya, nikamkata meno yakawa sawa, nikayasugua kwa msasa. Nilipanga niondoke naye. Akae kwangu, asizae, awe wa kufuga tu. Sikujiuliza koleo la waya lilikuwa linatafuta nini katika kopo la mtu aliyekuwa anashona magauni. Akina mama huweka kila kitu.

Siku ya kidole ilipofika nilimficha kwenye kizimba cha mwisho. Katibu alikuwepo, na wafugaji wengine wawili wenye kalamu mfukoni. Baba akamaliza makapu yake, akanyanyuka, akaenda moja kwa moja mpaka kizimba cha mwisho, akamtoa. Akamlaza mkononi. Akapitisha kidole. Kidole kikakaa pale muda mrefu kuliko kilivyowahi kukaa kwa sungura yeyote. Halafu baba akashusha macho, akanitazama mimi, si sungura.

"Huyu ndiye mrithi," akasema.

Wale watu wakapiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika ndoo. Ningesema nini, mbele ya katibu wa chama? Kwamba Profesa amezeeka, kidole kimekufa ganzi, ameteua kilema kiwe baba wa ukoo? Nikasema nitamwambia jioni. Jioni nikamkuta anamtengenezea Mrithi kizimba kipya, anapiga mluzi, baba yangu ambaye hajapiga mluzi tangu mama afe. Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, nazo huzaa kuliko sungura.

Wiki tatu baadaye meno yalikuwa yameota tena, nikayakata kwa siri. Mwisho wa mwezi nikapiga simu kiwandani kuomba wanisubiri mwezi mmoja. Walinisubiri miwili, kisha wakaweka mtu mwingine. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi siwaombi pole. Lakini nilikuwa nimefungwa, na kamba niliisokota mwenyewe. Nisingeweza kwenda popote kwa zaidi ya siku ishirini na moja. Nisingeweza kumwachia mtu kazi ile, kwa sababu kumfundisha ni kumwambia. Nilikuwa nakwenda harusini nikiwa nimeangalia saa. Niliugua homa nikakata meno na homa yangu, mikono inatetemeka, nikamkwaruza fizi, nikalia mimi badala yake.

Na baba, kama vile amelogwa na kichwa kile, akawa anampandisha Mrithi kwa binti zake mwenyewe ili kichwa kisipotee. Watoto wenye meno ya kupishana wakawa wengi. Mimi nikawa nawatangulia, nawachambua kabla ya siku ya kidole, kwenye kadi naandika wamelaliwa na mama yao. Nyumba yetu ilikula nyama ya sungura mpaka nikaichukia harufu yake. Tuliila aibu yetu kwa vitunguu. Wale waliobaki meno yao yalikuwa mazuri, wakauzwa, wakaenda kwa watu wakiwa wamebeba kile kilema ndani kama barua isiyofunguliwa.

Barua moja ilifunguliwa kwa Mwalimu. Huyu ni mama mmoja mstaafu, mwembamba, magoti mabovu, alinunua kwetu dume na jike na akaandika kila tulilomwambia katika daftari. Mwaka jana akaja na kapu, ameinama upande mmoja. Ndani mlikuwa na watoto watatu wamekonda, meno yamewatoka nje kama kucha. Akauliza kwa heshima kabisa, amekosea wapi. Baba akamtazama, akampa kiti, akamwambia nyasi zake ni laini mno. Sungura wanataka nyasi ngumu za kusaga meno, akamwambia, siyo hayo majani ya bustanini. Mwalimu akafungua daftari akaandika. Akaomba radhi. Akaomba radhi yeye, jamani, kwa kuiharibu mbegu ya Profesa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na ufagio, nikaangalia chini.

Nilidhani baba anasema kwa kutojua. Hilo ndilo lilikuwa linanifariji, eti mwenye dhambi ni mmoja tu ndani ya nyumba, na ni mimi.

Lakini kuna jambo moja ambalo siwezi kulisemea utani. Mwaka juzi mwanangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mwezi wa saba akanipigia, akasema anajisikia vibaya, kama naweza kuja. Nikahesabu. Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Nikamwambia nimalize kazi kidogo, keshokutwa nitaondoka. Nilikata meno asubuhi ya siku ya ishirini na moja, nikaoga, nikasafiri, nikafika mtoto amekwishazikwa. Mwanangu alikuwa amekaa jikoni. Hakunilaumu. Aliinuka akanipikia chai, akaniwekea, akaniuliza, "Sungura hawajambo?" Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa uchungu au kwa adabu.

Sasa amepata mimba ya pili. Mwezi uliopita akanipigia simu, sauti ndogo. Daktari amemwambia alale kitandani mpaka ajifungue, asiinue hata sufuria. Mkwe wangu ni dereva wa malori, anakuwa njiani wiki nzima. Akasema, "Mama, ni miezi miwili. Utakuja?"

Nikasema nitakuja. Nilisema haraka, kabla sijahesabu.

Nilikaa na ile ahadi siku mbili, naizungusha. Kisha nikaamua: simkati tena Mrithi. Nitayaacha meno yaote, baba ayaone kwa macho yake, kelele ziwe, aibu iwe, halafu mimi niende kwa mwanangu. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha uchi wa mtu mwingine. Siku ya ishirini na moja ikapita, nikajizuia. Ishirini na mbili, Mrithi akawa anaangusha chakula. Ishirini na tatu, ute ukamlowesha kidevu. Siku hiyo nilikwenda nje kufua nguo zisizo chafu ili nisimwone. Siku ya ishirini na nne sikuingia bandani kabisa. Ya ishirini na tano nikashindwa. Mimi ndiye niliyemdondoshea maziwa akiwa hana hata manyoya. Nikachukua koleo nikaingia.

Mrithi alikuwa anakula. Anatafuna bua la nyasi kavu, haraka haraka, linaingia lote. Nikamtoa, nikamlaza, nikainua mdomo. Meno yalikuwa yamekatwa.

Nimekata meno yale miaka minne, sikuwahi kuyakata hivyo. Yalikuwa sawa kabisa, hayana ufa, yamelainishwa pembeni mpaka yanateleza. Ilikuwa kazi ya fundi. Nilikaa chini juu ya mfuko wa pumba, sungura mapajani, nikayapapasa meno yale tena.

Baba nilimkuta mezani nyuma ya nyumba anafunga waya wa kizimba uliokatika. Nikamwuliza nani amemkata Mrithi.

"Ulichelewa," akasema, hakuinua macho. "Mnyama alikuwa hali."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kidole." Akaweka waya chini. "Nilipokipitisha, nikasikia mkono wa mama yako."

Hapo ndipo alipoyatoa yote, na aliyatoa taratibu, kama anavyomweleza mnunuzi aina za chakula. Kilema hakikuanza na Mrithi. Dume wake wa kwanza mwenye kichwa kile, yule aliyempa jina, alikuwa na meno hayohayo. Ilikuwa ama amtupe aanze upya, ama amtunze. Mama akasema atamkata yeye. Akamkata huyo, akamkata aliyefuata, akamkata wa tatu. Miaka kumi na tisa mama yangu alikata meno kila wiki ya tatu kwa koleo lililokuwa kwenye kopo la nyuzi. Alipokufa, baba akakata mwenyewe miaka miwili, hadi dume yule wa mwisho akafa kwa uzee. Kisha mimi nikaja kumwambia naondoka. Na wiki hiyohiyo akakuta kwenye kidole chake meno yaliyokatwa vizuri, na akajua ni nani ameyakata.

"Nikasema Mungu amenirudishia," akasema.

Nikakumbuka jambo ambalo nimemnunia nalo mama miaka mingi. Bibi yangu, mama yake mzazi, alipokufa, mama hakwenda kuzika. Alisema miguu inamuuma. Mimi nilikuwa nimeolewa tayari, nimekuja kuwatembelea, nilimwona asubuhi yake akikimbiza kuku uani. Nikamwita moyoni mtu asiye na huruma, na sikumwondolea jina hilo mpaka namfukia.

"Basi kukata unajua," nikamwambia baba.

"Najua."

"Na mikono yako mizima."

Akaitazama mikono yake, ya kulia na ya kushoto. "Mizima," akasema.

"Mwaka juzi mwanangu aliponiita, nikangoja siku mbili. Ungekata wewe, ningekwenda siku ileile."

Akauokota waya wake tena. "Ungekwenda," akasema, "usingerudi."

Sikupiga kelele. Watu wanaonijua hawataamini, lakini sikupiga. Niliingia ndani nikafungasha. Nilifungasha kwa hasira, nguo nikizisukuma kwenye begi kama zimenikosea, na koleo la mama nikaliweka juu ya meza ya chakula, katikati, pale ambapo hawezi kusema hakuliona. Nilijipangia maneno ya kumwambia langoni. Nitarudi mtoto akizaliwa na akikaza shingo. Nitarudi nikipenda. Sitarudi. Nilikuwa nayo matatu, nilikuwa bado nachagua.

Baba alinibebea begi mpaka langoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akalishusha. Akaniuliza, kama anavyouliza bei ya pumba, nitarudi lini.

"Wiki tatu, Baba," nikasema.

Haki ya Mungu sikulisema mimi. Mdomo ulifunguka wenyewe ukatoa kile ulichozoea kutoa. Nilitaka kulirudisha lile neno, lakini baba alikuwa amekwishatikisa kichwa, polepole, macho ameyaelekeza juu, kama anavyofanya kidole kikiwa kimeridhika.

Basi hizi siku ishirini nimekuwa hapa. Namwogesha mwanangu, namgeuza upande wa kushoto kama daktari alivyoagiza, namsimulia vituko vya kaka yangu mpaka anacheka na mimi namkataza kucheka. Hajawahi kuniuliza nakaa mpaka lini. Ananitazama tu nikikunja nguo. Jana alisema, macho ukutani, "Mama, ukiwa na safari niambie mapema, nimtafute jirani." Nikamwambia safari gani, acha maneno. Lakini begi langu liko chini ya kitanda, halijafunguliwa lote, na yeye analiona.

Leo asubuhi baba akapiga simu. Akanisalimia, akauliza hali ya mjukuu wake, nikajibu. Akasema meno yameanza kupita mdomo, kidevu kimelowa. Nikamwambia akate. Koleo liko mezani.

"Liko palepale ulipoliacha," akasema. "Mimi sikati. Nitakungoja."

"Baba, atakufa njaa."

"Mama yako hakuwahi kuchelewa," akasema, akakata simu.

Nilikaa na ile simu mkononi mpaka kioo kikazima. Sungura aliyefika hapo ana siku tano, sita akiwa na bahati. Mwanangu amebakiza wiki tano ajifungue. Kwenda na kurudi ni siku mbili, ningeweza, mkwe yuko safarini lakini jirani angekuja kuchungulia. Siku mbili tu. Nilikwishaanza kupanga, jamani. Nilikuwa nimekwishalivuta begi kwa mguu, nikajikamata nalivuta. Ni siku mbili zilezile za mwaka juzi.

Nikainua macho, mwanangu ameamka. Alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo, anatazama begi. Akajifanya anapiga miayo. Nami nikamtazama usoni, nikaona anavyoumeza uchungu ili mimi nisisumbuke, anavyojiandaa kuniambia nenda tu, Mama, mimi sijambo. Mama yangu alikuwa na uso huohuo. Huo haukutoka kwa sungura.

Nikalisukuma begi chini ya kitanda, nikalisukuma kwa nguvu mpaka likagonga ukuta. Nikatoka barazani na simu. Nilifikiria nimpigie katibu, nikaona katibu atakimbilia kwa baba kwanza, amwulize anijibu nini. Kuna mtu mmoja tu anayestahili kuambiwa wa kwanza, na namba yake ninayo, kwa sababu kadi zote za wanunuzi niliziandika mimi. Baba yangu ana miaka sabini na sita na hana kitu kingine duniani zaidi ya jina lake. Nilijua hilo nilipokuwa nabonyeza.

Mwalimu akapokea akihema. Akanisalimia kwa furaha, akauliza habari za Profesa, akauliza habari za nyumbani, akaomba nimsamehe kwa kuhema, ameinama hapa kando ya barabara tangu alfajiri, magoti yanampigia kelele, lakini nyasi ngumu lazima zikatwe, kama Profesa alivyomwelekeza.

"Mwalimu," nikamwambia, "weka mundu chini, ukae. Kosa halikuwa la nyasi zako."